Theluji Isiyofagiwa

1

Siku niliyofika Ihanganya nilikuwa nimevaa soksi jozi tatu, dera juu ya suruali mbili, na koti la Mamlaka lililonifika magotini, na bado meno yaligongana hadi nikashindwa kuitikia salamu. Mwanamke aliyetumwa kunipokea alinitazama juu mpaka chini bila kucheka. Nikaona afadhali angecheka.

"Wewe ndiye mpiga picha?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Pole, dada. Mimi ni Tabea Mahenge. Utakaa kwangu. Unaitwa nani?"

"Mwanakheri."

"Karibu kipupwe, Mwanakheri."

Nilitaka kumwambia kwamba kipupwe nakijua. Kwetu Tanga kipupwe ni ule ubaridi wa mwezi wa saba unaomfanya mtu avute shuka alfajiri na kujiona amebarikiwa. Hiki chao kilikuwa kitu kingine kabisa, kimepewa tu jina la zamani. Mashamba ya pareto yalikuwa yamefunikwa theluji hadi kwenye magoti ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walivalishwa magunia. Juu yetu, angani mbali sana, droni za Mamlaka ya Pazia zilikuwa zikipita kwa msururu, zikiacha nyuma yake mistari myembamba ya vumbi jeupe.

Sikuja pale nikiwa adui wa Pazia, na hilo nataka lieleweke mapema. Mwaka wa joto kubwa nilimzika kaka yangu, aliyeanguka dukani kwake saa tano asubuhi mkono ukiwa bado umeshika kibaba cha mchele. Wiki ile Tanga tulizika watu hadi sanda zikaisha madukani. Kisha droni zikaanza kunyunyiza lile vumbi, jua likapungua ukali, na watoto wakarudi kucheza nje mchana. Pazia lilituokoa. Tatizo ni kwamba vumbi halikutawanyika sawasawa. Kwetu lilileta nafuu, na kwenye nyanda za juu za kusini, ambako baridi ilikuwapo tangu hapo, likaleta theluji ambayo babu zao hawakuwahi kuiona.

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Bwana Ladislaus, mkuu wa mawasiliano wa Mamlaka, alikuwa ameona kazi zangu kwenye harusi ya mpwa wake. Aliniambia, "Wewe unaweza kumchukua bibi harusi aliyelia usiku kucha ukamtoa anang'aa. Nenda ukanifanyie hivyo hivyo kwa theluji." Sheria ilisema kwamba baada ya miaka mitano ya Pazia, kila kijiji cha juu kingepewa nafasi ya kuchagua: kusaini hati ya kubaki kwa miaka kumi mingine, au kukataa, na kikikataa Mamlaka ingelazimika kukihamishia bondeni na kukipa ardhi. Mamlaka ilitaka Ihanganya wabaki. Kijiji kimoja kikishuka, vingine vyote vingefuata, na Pazia lingeonekana lina majeruhi. Kwa hiyo nilipewa miezi miwili niwafundishe watu kuipenda baridi yao.

"Utaipenda na wewe," Bwana Ladislaus alisema. Nilimwona ni mtu wa maneno mengi.

2

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na mkwaruzo juu ya bati. Nilidhani ni mnyama. Nilipotoka, nilikuta kijiji kizima kiko juu ya ngazi. Mabinti, wazee na mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, kila mmoja ameegemea paa lake na fagio la mianzi, wakisukuma theluji kutoka kwenye paneli za sola.

"Ndiyo swala yetu ya alfajiri," Tabea alisema akishuka, kope zimeganda. "Ukiacha kufagia, paneli haioni jua. Paneli isipoona jua, betri inabeba mchana mmoja na usiku mmoja, basi. Halafu hita inazimika."

"Na moto wa kuni?"

"Kuni zipi? Miti imekufa kwa baridi, iliyobaki imepigwa marufuku. Mamlaka walipoleta hita waliziba na mafiga kwa saruji."

Kamera niliyopewa ilikuwa ya tabaka mbili. Ukibonyeza mara moja, inachukua mwanga kama kamera yoyote, na chini yake inachukua joto, hata joto lililoko nyuma ya bati au ukuta wa tofali. Mhandisi aliyenikabidhi alisema tabaka la chini si langu, ni la mashine ya ofisini, husomwa mara moja kwa mwezi ili wajue nyumba zinavuja joto kiasi gani. Sikuwa na haja nalo. Nilikuwa na shida za kutosha na tabaka la juu.

Wiki ya kwanza picha zangu zote zilikuwa chafu. Theluji ilitoka kijivu, kama majivu yaliyolowa. Nikailaumu mashine, nikaulaumu mkono unaotetemeka, nikamlaumu na Bwana Ladislaus kwa kuwa mbali. Ilinichukua siku sita kuelewa kwamba kamera haiijui theluji. Ikiona weupe mtupu hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza yenyewe. Inabidi uibishie, uongeze mwanga pale inapotaka kupunguza. Siku niliyoongeza, theluji ilitoka nyeupe, na juu ya weupe ule nikaona kivuli cha fagio la Tabea, na kile kivuli kilikuwa cha buluu.

"Kivuli cha buluu," nilimwambia.

"Ndivyo kilivyo siku zote. Wewe ulikuwa unaangalia miguu yako."

Baada ya hapo sikukaa ndani tena. Nilijifunza kuweka betri za akiba kwapani zisife. Nilijifunza kwamba dakika ishirini za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye rangi, na kwamba kabla ya theluji kuanguka kunakuwa na kimya kinachofanya masikio yaume. Nilipiga sakitu, ule umande ulioganda, iliyochora majani kwenye vioo. Nilipiga pumzi za ng'ombe na vikombe vya mianzi ambamo pombe ya ulanzi ilikuwa imeganda na kuvipasua. Tabea alinibebea stendi, akinionyesha pa kukanyaga, akinitania kwamba nikianguka atanizika papo hapo maana mtu wa Tanga hawezi kurudishwa akiwa amegandishwa kama samaki. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na sikumbuki lini nilifurahia kazi kiasi kile. Nililala nikiiwazia asubuhi.

Mwisho wa mwezi tulitundika shuka darasani, nikaonyesha picha. Watu wa familia sitini na moja walijibana kwenye madawati. Miaka mitano walikuwa wakiitazama theluji kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekataa kuondoka, na sasa ilikuwa mbele yao, kubwa, imetulia, na nyumba zao ndani yake.

Mzee Yoramu Mahenge, baba yake Tabea, ndiye aliyetangulia kusema. "Kumbe tunakaa pazuri," alisema, na watu wakacheka kwa sauti ya chini, ya kuona haya kidogo.

Nilipokuwa nakunja nyaya alinifuata na mkewe, Bibi Twilumba, ambaye alimshika mzee kiwiko kana kwamba mzee ndiye fimbo yake. Tabea alikuwa nje anarudisha madawati.

"Binti, na kwangu utapita lini?" mzee aliniuliza. "Nyumba yangu iko peke yake pale mteremkoni. Nadhani itakaa vizuri kwenye shuka lako."

Nilikuwa nimeshaiona ile nyumba. Ilikuwa na paa pana lililoshuka chini karibu na ardhi, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa mlima. Nilichosikitikia ni kwamba kila nilipoitazama, theluji juu ya paa ilikuwa imekwaruzwa na kuachwa madoa.

"Kesho asubuhi, Mzee," nilisema. "Ila nina ombi. Msifagie mpaka nije. Naitaka theluji ikiwa nzima."

Walitazamana. Bibi akasema, "Mgeni ameomba."

"Basi hatufagii," mzee alisema. "Tunakungoja."

3

Kesho yake kulikuwa na ukungu usiomwonyesha mtu mkono wake. Sikutoka. Nilikaa karibu na hita ya Tabea nikichagua picha siku nzima, na Tabea akamenya viazi na kunisimulia habari za marehemu mume wake. Theluji ilianguka tena alasiri. Majirani walifagia mapaa yao wakiwa hawaonani. Nyumba ya Mzee Yoramu haikunijia akilini hata mara moja. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama ilinijia nikapuuza. Haikunijia.

Siku iliyofuata anga lilifunguka. Tulipanda kilima cha pili gizani, mimi na Tabea, na jua lilipochomoza nililiona lile paa ng'ambo ya bonde. Lilikuwa jeupe lote, bila alama hata ya ndege, limeungana na mteremko hadi usijue nyumba inaishia wapi na mlima unaanzia wapi. Mwanga wa waridi ukashuka juu yake polepole. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nimepiga picha mabibi harusi elfu moja na zaidi.

"Baba hajafagia," Tabea alisema.

"Amechelewa kuamka. Mzee naye ana haki ya kulala."

"Baba hachelewi."

"Ngoja nimalize, dada. Akitoka sasa hivi na fagio ataniharibia."

Akaishika stendi isitikisike na upepo. Ombi langu lilinirudia hapo hapo, na nitasema ukweli jinsi lilivyonirudia: nilifurahi. Nilijisemea moyoni, wazee wa watu, wameniwekea. Sikuhesabu kwamba ni siku ya pili. Nilipiga kwa dakika arobaini, hadi mwanga wa waridi ukaisha na weupe ukawa wa kawaida. Kisha jua likaanza kugusa msitu wa mianzi upande wa pili nikasema twende haraka, tukaenda.

"Nitapita kwao jioni," Tabea alisema njiani.

Jioni theluji ilishuka nzito, naye alikuwa amebeba mizigo yangu tangu alfajiri. Alipitiwa na usingizi ameketi, kiatu kimoja mguuni.

Asubuhi alikwenda. Nilimsikia akiwa mbali, kabla sijamwona, na ilinichukua muda kutambua kwamba ile ni sauti ya mtu.

Waliwakuta kitandani, blanketi zote za nyumba na mazulia juu yao, mzee akiwa upande wa mlangoni. Ardhi ilikuwa imeganda, na vijana walichimba kaburi kwa sururu siku nzima, wakipokezana, wakapata kina cha kiunoni. Mchungaji alisoma haraka kwa sababu midomo ilikuwa inamfa ganzi. Mganga wa zahanati aliandika kwamba ni uzee. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja, bibi sabini na nane, na watu walikubali, kwa sababu watu wenye umri huo hufa, na wakati mwingine huondoka pamoja.

Picha nilikuwa nimeshaituma. Bwana Ladislaus alinipigia siku ya mazishi kunipongeza. Walikuwa wanaiweka kwenye mabango.

4

Siku iliyofuata nilitaka kumchapia Tabea nakala ya nyumba ya wazazi wake. Vidole vilikuwa vizito na nikabonyeza pasipotakiwa. Badala ya mwanga likafunguka tabaka la joto.

Mlima ulikuwa mweusi. Nyumba ilikuwa nyeusi. Katikati ya ukuta wa mbele palikuwa na mraba mweusi kuliko vyote, na huo ulikuwa hita. Ilikuwa imezimika, tena si saa hiyo, kwa maana hata chuma chake kilikuwa kimeshapoa. Na kwenye kona ya kulia, palipo na kitanda, palikuwa na mabaka mawili ya rangi ya chungwa iliyofifia, yamegusana.

Nilizifungua zote. Nilikuwa nimepiga picha mia moja na kumi na mbili. Katika ile ya kwanza mabaka yalikuwa makubwa kidogo kuliko katika ile ya mwisho. Katika ya sitini na tatu moja lilisogea, kama mkono uliotolewa kisha ukarudishwa.

Walikuwa hai. Nilisimama ng'ambo ya bonde nikiongeza mwanga ili theluji isitoke kijivu, na wao walikuwa hai, wananingoja.

Bwana Ladislaus alifika Jumamosi kwa helikopta, amebeba hati za kusaini kwenye mkoba. Mkutano ulikuwa kesho yake baada ya ibada. Nilimkuta darasani nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, na nadhani alisikitika kweli, kwa sababu alivua kofia.

"Futa," alisema hatimaye.

"Hita ilizimika watu wakiwa hai. Wanakijiji wana haki ya kujua kabla hawajasaini."

"Hita ilizimika kwa sababu paneli haikufagiwa, Mwanakheri. Hita zetu ni nzima. Ukionyesha hii, swali la kwanza litakuwa, kwa nini mzee hakufagia? Kama aliugua tu, nitakubali, huo ni udhaifu wa mfumo. Mtu akiugua siku mbili anakufa, hakuna mtu mwenye akili atakayesaini." Alikunja kofia yake. "Ila kama kuna sababu nyingine, tuseme walilewa, tuseme kuna mtu aliwazuia, basi kosa ni la mtu. Nitaomba radhi, tutamwadhibu huyo mtu, na hati itasainiwa. Unafahamu sababu?"

Nilikuwa nimekuja nikiwa nimeamua kusema yote. Maneno yalikuwa mdomoni. Ndipo nilipoelewa alichokuwa ananiambia bila yeye mwenyewe kujua. Nikisema kweli yote, watu watabaki. Nikisema nusu, wataondoka.

"Sifahamu," nilisema.

"Basi futa, tafadhali."

Nikamwambia nimesikia. Usiku ule, na huu ni usiku pekee nitakaousimulia, sikulala, na Tabea alidhani ninalia kwa ajili ya wazazi wake akaja kukaa nami kitandani.

5

Shuka lilitundikwa. Bwana Ladislaus alisimama kwanza, akazungumzia miaka kumi ya ushirikiano, hita mpya, barabara. Kisha Bwana Ezekia Luvanda, mwenyekiti wa kijiji, akasema mgeni wetu atatuonyesha picha, tujikumbushe kijiji chetu kabla ya kusaini.

Niliwaonyesha vivuli. Niliwaonyesha sakitu na pumzi za ng'ombe. Walizipenda, niliona vichwa vikiitikia. Mwanamke mmoja wa mbele alikuwa ameshatoa kalamu yake ameiweka sikioni. Kisha nikaweka paa jeupe, na darasa zima likashusha pumzi, na Tabea akajifunika uso kwa khanga.

"Picha hii ina upande wa pili," nilisema, nikabonyeza.

Ilibidi nieleze. Nilieleza weusi ni nini, nikagusa mraba wa hita kwa kijiti, nikagusa yale mabaka mawili. Nilisema ni Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma bei za sokoni. Bwana Ladislaus alikuwa amesimama lakini hakuja kunizuia, watu walikuwa wengi kati yetu.

"Unasema walikuwa hai?" mwenyekiti aliuliza.

"Walikuwa hai."

"Na hita imekufa."

"Tangu usiku wa kuamkia siku ile. Ndivyo chuma kinavyoonyesha."

Kelele zilipoanza, Bwana Ladislaus alipandisha sauti juu yake. "Ndugu zangu, hita haifi yenyewe. Mzee Yoramu alikuwa akifagia kila siku, betri yake inatuonyesha ofisini, miaka mitano hajakosa hata siku moja. Kisha ghafla siku mbili. Lazima kuna sababu. Tuitafute kabla hatujalaumu."

Tabea alisimama. Khanga ilikuwa imemdondoka mabegani hakuiokota.

"Anasema kweli," alisema. "Baba alifagia hata mwaka aliovunjika mkono. Dada Mwanakheri, wewe ulizungumza naye jioni ile, baada ya picha. Alikuambia anaumwa? Alikuambia chochote?"

Watu wote walinigeukia. Bwana Ladislaus alinigeukia pia, na macho yake yalianza kuwaza. Niliwatazama wale watu, familia sitini na moja kasoro nyumba moja. Nilimwona yule mwenye kalamu sikioni. Nilijua kwamba nikifungua mdomo na kusema nilimwomba asifagie, wote watanitazama mimi, watanichukia kwa haki kabisa, na wakishachoka kunichukia watasaini, na kipupwe kijacho ataugua mtu mwingine siku mbili. Haya yalikuwa ya kweli. Ilikuwa kweli vilevile kwamba niliogopa. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonijibia.

"Hakuniambia kitu," nilisema. "Alisema tu kwamba mnakaa pazuri."

Tabea alisimama pale akilifikiria jibu hilo. Niliona linavyomwingia na linavyotafuta pa kukaa.

"Basi alikuwa anaumwa," alisema polepole. "Alikuwa anaumwa akatuficha. Na mimi nililiona paa. Nilisimama pale kilimani nikaliona jeupe, nikajua, nikasema nitapita jioni. Kisha nikalala." Aliwageukia watu, si mimi. "Ni mimi."

"Hapana, mama," mwenyekiti alisema. "Hapana. Kaa chini."

"Mtoto wao ni mimi peke yangu. Ni mimi."

Wanawake walimkalisha. Bwana Ezekia akamgeukia Bwana Ladislaus, akauliza kwa utulivu kabisa, "Kwa hiyo mtu akiugua siku mbili, huku kwetu, anakufa?" Yule wa mbele aliitoa kalamu sikioni akairudisha mfukoni. Hakuna aliyesaini.

Ningeweza kusimama hata hapo. Hesabu ilikuwa imeshakwisha, hati zilikuwa zinarudishwa kwenye mkoba. Ningeweza kumfuata Tabea nje, nikamwambia yeye peke yake, sikioni. Nilimfuata nje. Alikuwa amechuchumaa kwenye theluji, nami nikachuchumaa naye, nikamshika, na nikasema pole.

6

Malori yalikuja mwezi uliofuata. Vijiji vingine vinne vilishuka baada ya Ihanganya, na wanaandika kwenye magazeti kwamba picha moja ndiyo iliyofanya hivyo. Mamlaka ilinifukuza kazi. Watu ambao sijawahi kuwaona hunisalimia mitaani. Joto limerudi kidogo Tanga, kwa kuwa wamepunguza vumbi upande wa kusini, na tunakwenda hivyo hivyo.

Tabea anakaa bondeni, nyumba ya tofali, shamba la mpunga ambalo bado hajalizoea. Nakwenda kumwona kila mwaka mwezi wa saba, kwa sababu ananiita, na kwa sababu sina ujasiri wa kutokwenda. Paa jeupe liko sebuleni kwake kwenye fremu, lile la mwanga, si la joto. Nilimchapia mwenyewe. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na ninaposimama mbele yake bado naona uzuri wake wote, ule mwanga wa waridi, ule mteremko. Ningependa macho yangu yakatae. Hayakatai.

Mgeni yeyote akija, Tabea humpeleka mbele ya picha. Humwambia, "Hapo walikuwa bado hai, na mimi nilikuwa nimeshika stendi." Mwaka huu alikuwa mke wa mchungaji mpya, mwanamke mpole, akashtuka, akamwambia asijilaumu.

"Nimlaumu nani, basi?" Tabea alisema. "Mwulize huyu. Dada, mwambie nilisema nini."

Nikamwambia mgeni kwamba Tabea alisema baba hajafagia, na kwamba ni mimi niliyemwambia angoje nimalize. Hiyo nusu huwa naisema, kila mwaka, kwa sauti.

Tabea alinishika mkono, akaupapasa kama anavyofanya siku zote.

"Wewe hukujua," alisema. "Wewe ulikuwa mgeni."